Aliingia thieta kwa matundu, akatoka na mshono mrefu: je, daktari ameharibu?

Kama wewe ni mtoto wa Muthara na unaishi Nairobi, tayari unajua cheo ulichopewa bila kuomba. Wewe ndiye "mtu wetu wa Nairobi". Mzee akiandikiwa skani, simu inakuja kwako. Mathe akipewa karatasi ya hospitali iliyojaa Kiingereza kigumu, anaipiga picha, anakutumia kwa WhatsApp, halafu anangoja umwambie kama hayo ni maneno ya kupona au ya kuanza kuita watu.

Leo tuongee kuhusu simu moja ambayo inaweza kukupata ukiwa kazini, kwa matatu au umelala. Mzee amepelekwa kupasuliwa utumbo. Mliambiwa ni ule upasuaji wa kisasa: matundu madogo, kamera, siku chache tu na yuko nyumbani. Masaa yanapita. Kisha nesi anatoka na kusema, "Ilibidi wafungue tumbo." Mnamwona mzee wodini, bandeji imeanza juu ya kitovu ikashuka hadi chini. Dakika kumi baadaye grupu ya ukoo imewaka moto. Mjomba mmoja anasema daktari ni mwanafunzi. Shangazi anasema mmeibiwa. Mwingine anataka mzee atolewe hapo leo leo.

Mimi si daktari. Chuo niliacha mwaka wa pili, na haikuwa hata kozi ya afya. Lakini tafiti za jambo hili zipo, zimechapishwa, na mtu yeyote mwenye bando na subira anaweza kuzisoma. Nikikupa jambo moja tu la kubeba, ni hili: kubadilisha njia katikati ya upasuaji si kushindwa, ni uamuzi. Uamuzi huo una gharama yake kwa maumivu, kwa siku na kwa pesa. Familia iliyoambiwa kuhusu gharama hiyo mapema hujipanga. Ile iliyoshtukizwa ndiyo hugombana.

Matundu yenyewe yanafanya nini

Mgonjwa hulazwa usingizi kabisa. Daktari anakata tundu dogo karibu na kitovu na kuingiza gesi ya kaboni dayoksaidi ili tumbo livimbe kama hema. Bila hiyo nafasi haoni kitu, maana ndani ya tumbo viungo vimebanana kama abiria wa matatu ya jioni. Kupitia tundu hilo anaingiza kamera nyembamba. Matundu mengine matatu au manne, mengi yakiwa chini ya sentimita moja na nusu, ndiyo ya vyombo vya kukata, kushika na kuziba mishipa ya damu. Daktari anafanya kazi akiangalia skrini.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Hata upasuaji wa matundu ukiisha vizuri kabisa, kipande cha utumbo kilichokatwa lazima kitoke mahali. Hakiwezi kupita kwa tundu la milimita tano. Kwa hivyo daktari hukata mkato mdogo wa sentimita chache ili akitoe. Ukiona mkato kama huo, usiseme mzee "alifunguliwa". Kubadilishwa njia ni pale ambapo kazi yenyewe ya kuukata utumbo na kuuunganisha haikuweza kumalizika kwa matundu, ikabidi tumbo lifunguliwe kwa mkato mrefu.

Na kuna kundi lingine ambalo matundu hata hayajaribiwi. Huku Afrika Mashariki kuna ugonjwa wa utumbo mpana kujisokota wenyewe, kama mpira wa maji uliojikunja hadi maji yakakatika. Tumbo hufura, choo hakitoki, hewa haitoki, na mtu anapinda kwa maumivu. Hiyo ni dharura, na mara nyingi mgonjwa hufunguliwa tumbo moja kwa moja. Hapo hakuna aliyebadilisha chochote. Tumbo kufunguliwa ndiyo ilikuwa mpango tangu mwanzo.

Hata Papa

Kama unadhani kufunguliwa tumbo ni shida ya hospitali zetu tu, mkumbuke Papa Francis, yule aliyekuja kwetu Novemba 2015 na kutembelea Kangemi. Tarehe 4 Julai 2021, akiwa na miaka 84, alipasuliwa utumbo mpana katika hospitali ya Gemelli, Roma. Sehemu ya utumbo upande wa kushoto ilikuwa imesinyaa kwa ndani kutokana na uvimbe wa muda mrefu. Gazeti la Il Messaggero la Roma liliripoti kwamba madaktari walianza kwa matundu, kisha wakalazimika kufungua tumbo. Vatikani ilikuwa imetaja takriban siku saba za kulazwa. Aliondoka tarehe 14, baada ya siku kumi.

Baadaye mwenyewe alisema amepungukiwa na sentimita 33 za utumbo. Septemba mwaka huo huo alikuwa tayari amepanda ndege kwenda Hungaria na Slovakia. Kwa hivyo alipona na akarudi kazini.

Lakini hadithi ina sehemu ya pili. Juni 2023 alirudi Gemelli na kupasuliwa tena, mara hii kwa sababu ya ngiri iliyojitokeza kwenye kovu la upasuaji wa awali wa kufungua tumbo. Utumbo ulikuwa unanaswa hapo na kumpa maumivu ya kurudi rudi. Madaktari waliweka wavu wa kushikilia ukuta wa tumbo, na akakaa hospitalini siku tisa.

Ona basi. Huyu ni mtu aliyekuwa na madaktari bora wa Italia, chumba chake mwenyewe, na dunia nzima ikimwombea. Kovu bado lilimsumbua. Hayo mawili, kupona na kovu kusumbua, ndiyo picha kamili ya kile tunachozungumzia.

Kwa nini daktari anaacha matundu

Sababu nyingi hazihusiani na ujinga wa mtu yeyote.

Ya kwanza ni makovu ya ndani. Kama mzee aliwahi kupasuliwa, hata miaka ishirini iliyopita, utumbo unaweza kuwa umeshikana na ukuta wa tumbo au umejishika wenyewe kama karatasi zilizomwagikiwa gundi. Kamera ikiingia inakuta ukuta.

Ya pili ni ukubwa wa uvimbe. Saratani iliyokaa sana hukua, hushika kibofu, mfuko wa uzazi au mshipa mkubwa. Kuitenganisha kwa vyombo virefu vya kushikia kwa mbali inakuwa hatari.

Ya tatu ni damu. Mshipa ukipasuka, skrini inageuka nyekundu na daktari haoni anachoshika. Mkono ndani ya tumbo unaweza kubonyeza mshipa huo kwa sekunde moja.

Ya nne ni mwili wenyewe. Mafuta mengi ndani ya tumbo, nyonga nyembamba, au utumbo uliojaa hewa kwa sababu umeziba, vyote vinaondoa nafasi ya kufanyia kazi. Na kuna wagonjwa ambao moyo au mapafu hayavumilii ile gesi. Daktari wa nusukaputi akisema "punguzeni gesi", mjadala umeisha.

Ya tano ni vifaa. Kamera ikizima, gesi ikiisha au stima ikipotea na jenereta ikakataa, hakuna upasuaji wa matundu. Daktari aliyefunzwa vizuri anaweza kuendelea kwa mkono wake na taa. Ndiyo maana nakwambia: anayejua matundu peke yake bila kujua kufungua tumbo si wa kumkabidhi mzee wako.

Namba zinasema nini

Upasuaji wa utumbo mpana kwa matundu ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wengi waliutilia shaka, hasa kwa saratani. Swali lilikuwa: je, kwa matundu tunaondoa ugonjwa wote, ama tunaacha mbegu ndani? Majaribio makubwa yakafanywa.

Uingereza walifanya jaribio linaloitwa CLASICC, kati ya 1996 na 2002. Lilikuwa na wagonjwa 794 wa saratani ya utumbo mpana na puru, katika hospitali 27. Kati ya waliofanyiwa kwa matundu, asilimia 29 walibadilishwa wakafunguliwa tumbo. Hiyo ni karibu watatu kwa kila kumi. Lakini angalia mwendo wake: mwaka wa kwanza ilikuwa asilimia 38, na kufikia mwaka wa sita ikawa asilimia 16. Ugonjwa ulikuwa ule ule. Madaktari ndio walikuwa wanazoea kazi na kujua nani wa kumchagulia matundu.

Marekani nao walikuwa na jaribio lao, COST, lililochapishwa 2004 likiwa na wagonjwa 872 wa saratani ya utumbo mpana. Waliobadilishwa walikuwa asilimia 21. Baada ya miaka mitatu, saratani ilikuwa imerudi kwa kiwango kinachokaribiana, kwa kundi la matundu na kwa kundi la kufunguliwa.

Labda unafikiria roboti ndiyo suluhisho. Jaribio la ROLARR, lililochapishwa 2017, lilishirikisha watu 471 wenye saratani ya puru katika nchi kumi. Kwa matundu ya kawaida waliobadilishwa walikuwa asilimia 12.2, kwa roboti asilimia 8.1. Tofauti hiyo haikutosha kusema kwa uhakika kuwa roboti inashinda. Hata ukiwa na mashine ya mamilioni, kuna siku tumbo litafunguliwa.

Sasa swali lako: aliyebadilishwa anaendeleaje?

Ukimlinganisha na yule ambaye matundu yalifaulu mpaka mwisho, aliyebadilishwa kwa kawaida hukaa thieta muda mrefu, hupoteza damu zaidi, kidonda chake kina hatari kubwa ya kuingia usaha, na hukaa wodini siku nyingi. Kwa CLASICC, waliobadilishwa walipata matatizo zaidi kuliko wenzao. Hilo halifichiki, na daktari akikwambia eti hakuna tofauti, muulize tena.

Lakini ukimlinganisha na yule aliyefunguliwa tangu mwanzo, pengo hupungua sana. Kuna tafiti zinazoona matokeo yanayokaribiana, na kuna zinazoona aliyebadilishwa yuko nyuma kidogo. Kinachotofautisha mara nyingi ni wakati. Daktari aliyechungulia kwa kamera, akaona makovu au uvimbe mkubwa, akasema mapema "hapa tufungue", mgonjwa wake huwa na nafuu kuliko wa yule aliyeng'ang'ana masaa hadi mshipa ukapasuka ndipo akakimbilia kufungua. Kubadilisha kwa kupanga na kubadilisha kwa kukimbizwa ni vitu viwili.

Na maisha ya baadaye? Watu wa CLASICC walifuatiliwa kwa miaka mitano. Waliobadilishwa walikuwa na vifo vingi zaidi kwa jumla, hasa kipindi cha mwanzo, lakini muda wa kuishi bila saratani kurudi haukuonyesha tofauti hiyo. Kumbuka pia kwamba wanaobadilishwa mara nyingi ndio waliokuwa na uvimbe mkubwa na mwili uliochoka tangu mwanzo. Mkato mrefu usibebeshwe lawama yote ya ugonjwa uliochelewa.

Huku kwetu hesabu ni nyingine kidogo

Ukitoka Muthara, hospitali kubwa za karibu ni Maua Methodist upande mmoja na Hospitali ya Rufaa ya Meru upande wa pili. Ukiwa wa Embu, kuna ile ya rufaa ya Embu. Wengine hupelekwa moja kwa moja hadi Nairobi, wakashuka Tea Room na mgonjwa ameinama. Usidhani kila hospitali ina vifaa vya matundu vinavyofanya kazi leo, au daktari aliyezoea kuvitumia kwa utumbo. Kutoa kibofu nyongo kwa matundu na kutoa utumbo mpana kwa matundu si kazi moja. Ya pili ni ngumu zaidi.

Kitu cha pili ni usaha. Utafiti wa GlobalSurg uliochapishwa 2018 uliangalia wagonjwa zaidi ya 12,000 wa upasuaji wa tumbo katika nchi 66. Kwa nchi zilizoendelea sana, vidonda vilivyoambukizwa vilikuwa asilimia 9.4. Kwa nchi zenye maendeleo ya chini, asilimia 23.2. Kwa hivyo mkato mrefu una uzito tofauti ukiwa upande huu wa dunia. Kidonda chenye usaha ni nauli ya kwenda kufungwa kila mara, ni dawa za ziada, ni mtu mmoja wa familia ameacha kazi kumhudumia mgonjwa, na baadaye ni hatari zaidi ya ngiri.

Habari njema ni kwamba si lazima ungoje roboti. Jaribio la ChEETAh, lililochapishwa 2022, lilijaribu kitu rahisi katika nchi saba, Rwanda ikiwemo: kabla ya kushona tumbo, timu ya thieta inabadilisha glavu na vyombo, inatumia safi. Maambukizi yalishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0, kwa wagonjwa zaidi ya 13,000. Glavu tu. Hata namna ya kushona ina maana. Wadachi, katika jaribio la STITCH la 2015, walionyesha kwamba mishono midogo iliyokaribiana ilipunguza ngiri za mwaka wa kwanza kutoka asilimia 21 hadi 13, ikilinganishwa na mishono mikubwa.

Kitu cha tatu ni pesa. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na watu wengi bado hawajui kadi yao inalipa nini. Upasuaji uliobadilishwa unaweza kuwa na bili mara mbili ndani ya moja: vifaa vya matundu vimeshatumika, halafu siku za kulala zimeongezeka. Ukingoja kuambiwa siku ya kuondoka, utajikuta unaitisha harambee mzee akiwa amekaa kitandani na nguo zake zimeshakunjwa.

Uliza kabla ya kalamu

Fomu ya idhini si karatasi ya kuharakisha. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake kwa jumla, na haki yake ya kukataa. Inasema pia aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kama mzee wako anafikiria kwa Kimeru, basi maelezo yamfikie kwa Kimeru, hata kama ni nesi wa zamu au wewe kwa simu unayetafsiri. Mzee kutingisha kichwa mbele ya koti jeupe haimaanishi ameelewa. Wazee wetu wana heshima, na heshima hiyo huwanyima majibu.

Maswali yenyewe ni haya. Yaandike kwa simu:

"Daktari, utaanza kwa matundu au utafungua moja kwa moja? Kwa nini?"

"Kwa mgonjwa kama huyu, uwezekano wa kubadilisha ukoje? Wewe binafsi umefanya upasuaji wa aina hii mara nyingi?" Daktari mzuri hachukii swali hili.

"Kitu gani kitakufanya ufungue?" Hapa mwambie kila kitu: upasuaji wa zamani, ajali, kisu, panga, upasuaji wa kujifungua kama ni mathe. Kovu la zamani ambalo familia imelisahau ndilo hukutana na kamera.

"Kuna uwezekano wa kuwekewa mfuko wa choo tumboni? Wa muda au wa kudumu?" Usiache mzee agundue mfuko huo akiamka.

"Damu iko?" Kama mnahitaji wa kuchangia, boda inaweza kuwaleta vijana kabla ya upasuaji, si saa nane usiku.

"Ukibadilisha, bili itakuwaje, na SHA wameidhinisha nini?"

"Nani atatoka kutuambia?" Chagueni mtu mmoja wa familia wa kuongea na daktari. Grupu ya ukoo ingoje huyo.

Na mambo ya miraa, tusiogope kusema. Muthara inajulikana kwa miraa na Embu kwa muguka, kwa hivyo mgonjwa kuchana si ajabu. Lakini daktari wa nusukaputi anahitaji kujua, kwa sababu miraa hupandisha presha na mapigo ya moyo. Pia hufunga choo, jambo ambalo tumbo lililotoka kupasuliwa halihitaji hata kidogo. Sigara nazo huchelewesha kidonda kupona. Mzee akificha mbele ya watoto wake, mpeni nafasi aongee na daktari peke yake.

Akirudi nyumbani

Ukuta wa tumbo uliokatwa katikati hushikana polepole. Wiki sita za kwanza, mzee asibebe debe la maji, asiinue gunia, asipande mti wa miraa, asisukume mkokoteni. Najua atasema yuko sawa. Wanaume wa kwetu husema wako sawa hadi waanguke. Ngiri hupata mtu mmoja hadi wawili kwa kila kumi waliofunguliwa tumbo katikati, kwa hivyo uvimbe mdogo unaojitokeza kwenye kovu akikohoa si wa kupuuzwa.

Atembee kila siku, kidogo kidogo. Kutembea huamsha utumbo na hupunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Akikohoa, ashikilie mto tumboni. Usimrudishe kwa boda juu ya mawe, lipieni gari. Kama choo ni cha shimo cha kuchuchumaa, tengenezeni kiti, hata cha mbao chenye tundu.

Hii itakufurahisha: kutafuna chingamu baada ya upasuaji kumechunguzwa sana, maana kinywa kinapotafuna, utumbo hudanganywa kwamba chakula kinakuja na huanza kuamka. Mapitio ya tafiti 81 ya mwaka 2015 yaliona faida ndogo, ingawa ubora wa tafiti nyingi ulikuwa hafifu. Kwa hivyo daktari akiruhusu, mpe mzee Big G yake. Ile ya kutafunwa na miraa, ila mara hii bila miraa.

Rudini hospitalini haraka mkiona homa, tumbo linafura, kutapika, usaha, kidonda kinafunguka, au mguu mmoja umevimba na unauma. Pale utumbo ulipounganishwa panaweza kuvuja ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, na hapo kila saa ina maana. Kama ni wodini na unahitaji kumwita daktari usiku, mwite. Kama uko nyumbani, usianze na mitishamba ya jirani.

Halafu kuna karatasi moja ambayo watu husahau kwa furaha ya kutoka hospitalini: majibu ya maabara ya kile kipande kilichokatwa. Hiyo ndiyo inasema kama ilikuwa saratani, imefika wapi, na kama mzee anahitaji dawa zaidi. Kwa saratani ya utumbo mpana, wataalamu hutaka angalau tezi za limfu 12 zichunguzwe. Mshono ukiwa mrefu au mfupi, karatasi hiyo ndiyo inaamua miaka inayofuata. Ifuate. Piga simu kila wiki hadi uishike mkononi.

Na wewe unayesoma hii, usifikiri ni mambo ya wazee. Chadwick Boseman, yule wa Black Panther, aligunduliwa na saratani ya utumbo mpana 2016 na akafariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Damu kwenye choo, choo kubadilika kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu, kuishiwa damu: hayo si "vidonda vya tumbo" hadi daktari aseme. Uvimbe ukipatikana ungali mdogo, kuna nafasi kubwa utaondolewa kwa matundu na kazi imalizike kwa matundu. Ukipatikana ukiwa umeziba njia, tumbo litafunguliwa, na hapo hakuna wa kulaumu isipokuwa ule muda uliopita.